Muuza mafuta wa Dar na ndege ambayo zimebaki mbili tu angani

Juzi nilikaa kafe natafuta picha za ndege za kivita za kizamani, zile zenye mabawa ya ghorofa, moja juu jingine chini. Nikaikuta Gloster Gladiator ya Waingereza. Zilitengenezwa zaidi ya 700, lakini leo zinazoweza kuruka ni mbili tu dunia nzima, moja iko Old Warden na nyingine Duxford, huko huko Uingereza. Nikaendelea kuchimba (watu wa Geita kwa kuchimba mnatujua) nikakuta mmoja wa marubani wake aliwahi kuishi Tanganyika. Roald Dahl! Ndiyo, yule aliyeandika hadithi ya Charlie na kiwanda cha chokoleti, sinema yake mmeiona ile ya 2005.

Alizaliwa 1916 Cardiff, Wales, wazazi wake Wanorwei. Baba alifariki yeye ana miaka mitatu tu. Alipomaliza shule hakwenda chuo (kama wengi wetu), akaajiriwa Shell mwaka 1934, na 1938 wakamleta Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na gari bara, kuwauzia mafuta wenye mashamba ya mkonge na wenye migodi. Kumbuka huo ndio wakati mgodi wa Geita ulikuwa umeanza kazi, ulifunguliwa 1936.

Nyumbani alikuwa na wapishi na watumishi, maisha ya kizungu ya wakati ule. Katika kitabu chake Going Solo cha 1986 anamsimulia mtumishi wake Mdisho, Mnyamwezi, jirani zetu kabisa. Anasema alimfundisha kusoma, na kwamba vita vilipotangazwa Mdisho alichukua upanga akaenda kumuua Mjerumani mwenye shamba la mkonge. Mimi hiyo ya upanga siiamini sana, na hata walioandika maisha yake wana mashaka nayo. Jamaa alipenda kuongeza chumvi.

Septemba 1939 wakampa askari wa KAR akafunge barabara ya kusini ili Wajerumani wasikimbilie Msumbiji. Miezi miwili baadaye akaendesha gari mwenyewe mpaka Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, kichwa kinatokeza nje ya ndege! Walianza mafunzo vijana 16 kwenye vindege vya Tiger Moth. Ndani ya miaka miwili 13 walikuwa wameshakufa.

Sasa ndio tunafika kwenye Gladiator. Tarehe 19 Septemba 1940, Misri, alipewa moja ampelekee kikosi cha 80 jangwani, aina ambayo hakuwahi kuirusha kabla. Akafika pale alipoelekezwa, hakuna kiwanja, mchanga mtupu. Jua linazama, mafuta yanaisha. Akajaribu kutua, ndege ikagonga chini ikawaka. Alijikokota akatoka, fuvu limepasuka, pua imesagika, akakaa wiki kadhaa haoni. Uchunguzi wa jeshi ukakuta alipewa maelekezo ya mahali pasipo sahihi.

Mwaka 1942, akiwa Marekani, gazeti moja likachapa kisa chake kwa kichwa cha habari kinachosema alitunguliwa Libya. Hakuna aliyemtungua, jamani. Na haikuwa hata Libya.

Kabla ya hapo alikuwa amerudi angani. Aprili 1941 alirusha Hurricane Ugiriki, na tarehe 20 alikuwa juu ya Athens siku aliyouawa Pat Pattle, rubani hodari mzaliwa wa Afrika Kusini. Kisha maumivu ya kichwa ya ile ajali yakamzidi, akaondolewa kwenye urubani. Ndipo akawa mwandishi.

Kitu kimoja kinaniuma. Wale Oompa-Loompa, vibarua wa kiwandani kwenye Charlie, katika toleo la kwanza la 1964 walikuwa mbilikimo weusi kutoka msitu wa Afrika, wanalipwa kakao. Watu walilalamika, na 1973 akabadilisha. Huyu mtu aliyekula ugenini kwetu mwaka na zaidi!

Alifariki 23 Novemba 1990 akiwa na miaka 74.

Wanaosaka hizi ndege hawachoki. Kuna Gladiator iliyotolewa ndani ya ziwa Lesjaskog huko Norway ikapelekwa makumbusho ya London, na Malta wamehifadhi kiwiliwili cha nyingine waliyoipa jina la Faith. Hurricane ipo moja Afrika hii hii, makumbusho ya vita ya Johannesburg. Nauli sina, ila mdau ukipita huko piga picha unitumie. Na kama babu yako alikusimulia mzungu mrefu wa Shell aliyepita mgodini, andika hapo chini kwenye maoni.