Benjamin Franklin na kitabu chake kidogo

Benjamin Franklin alizaliwa tarehe 17 Januari 1706, katika mji wa Boston, Amerika ya Kaskazini. Siku zile nchi ile ilitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni, naye alikuwa na watoto 17. Fedha ya masomo haikutosha. Benjamin alisoma kama miaka 2 tu. Alipofikia miaka 10 alitolewa shuleni, akaanza kukata tambi za mishumaa. Alipokuwa na miaka 12 alipelekwa kwa mkubwa wake James, ili ajifunze kazi ya kupiga chapa.

Mtoto huyu alipenda sana maji. Alijifundisha kuogelea, lakini hakutosheka. Alichonga vibao 2, kila kimoja na tundu la kidole gumba, akavishika mikononi ili asukume maji kwa nguvu. Akawapita wenzake mbio, ila viungo vya mikono vikamwuma. Siku nyingine alirusha tiara ya karatasi, akashika kijiti cha uzi wake, akalala chali ndani ya maji. Upepo ukamvuta taratibu mpaka ng'ambo ya ziwa!

Mkubwa wake alimpiga mara kwa mara. Basi mwaka 1723 Benjamin akatoroka, akafika mji wa Philadelphia. Mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda London, akapata kazi katika nyumba kubwa ya kupiga chapa.

Wafanyakazi wa nyumba ile walikunywa pombe tangu asubuhi mpaka jioni. Mwenzake mmoja alikunywa mara 6 kwa siku, akiamini kwamba pombe kali inampa nguvu ya kazi. Franklin alikunywa maji matupu. Wakamcheka. Lakini herufi za chapa zilikuwa za risasi, tena zilikuwa nzito. Wenzake walipanda na kushuka ngazi wakishika fremu moja ya herufi kwa mikono miwili. Franklin alichukua mbili, moja kila mkono. Kila Jumamosi wenzake walikatwa mshahara kwa deni la pombe, yeye alibaki na fedha yake. Siku moja aliogelea katika mto Thames, toka Chelsea mpaka Blackfriars, kama kilometa 5, na watu wakamtazama kwa mshangao.

Alirudi Philadelphia mwaka 1726. Baada ya miaka michache akakata shauri gumu: kuacha makosa yake yote. Upesi akaona kwamba kutaka tu hakutoshi. Alipolinda upande huu, kosa liliingia kwa upande ule. Ndipo akatengeneza kitabu kidogo. Akaandika fadhila 13, kama vile kiasi, kunyamaza, utaratibu, bidii, haki na usafi. Ile ya mwisho, unyenyekevu, aliiongeza kwa sababu rafiki mmoja alimwambia wazi kwamba watu wanamwona mwenye kiburi. Kila ukurasa alipiga mistari kwa wino mwekundu: siku 7 za juma na fadhila 13. Jioni alijihoji, na penye kosa akatia doa jeusi.

Hakushika fadhila zote pamoja. Juma moja alikaza moja tu, juma la pili nyingine, kama mtu apaliliaye shamba tuta kwa tuta. Majuma 13 yakiisha, alianza upya. Hivyo kwa mwaka alizunguka mara 4. Aliipangia na siku yake saa: kuamka saa 11 alfajiri na kujiuliza atatenda jema gani, kazi, kusoma, kurudisha vyombo mahali pake, kulala saa 4 usiku.

Madoa yalikuwa mengi kuliko alivyodhani. Alipoyafuta mara nyingi karatasi ikatoboka, hata akahamia kurasa za pembe ya ndovu zinazofutika kwa sponji yenye maji. Utaratibu ulimshinda kabisa. Mwenyewe alisimulia habari ya mtu aliyetaka shoka lake lote ling'ae. Mhunzi akakubali kulinoa, mradi mwenyewe azungushe jiwe. Mtu yule akazungusha, akachoka, akasema shoka lenye madoadoa ndilo alipendalo.

Hata mwili aliuacha katika uzee. Alipokaa Ufaransa alipanda gari la farasi badala ya kutembea, akacheza sataranji saa nyingi, jongo likamkamata miguu. Mwaka 1780 aliandika masimulizi ya kuchekesha, ambamo jongo lenyewe linamgombeza kwa uvivu wake.

Lakini doa moja halikuwa la kuchekesha. Fadhila ya 8 katika kitabu ilikuwa haki, na kumbe mtu huyu alikuwa na watumwa Waafrika nyumbani mwake, na gazeti lake lilipiga chapa matangazo ya kuwauza. Miaka mingi ilipita kabla hajageuka. Mwaka 1787 alikubali kuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kukomesha utumwa. Februari 1790, mgonjwa, mwenye maumivu makali ya mawe tumboni, alitia sahihi yake kwenye barua ya kuliomba Bunge la Marekani liwaondolee watu weusi utumwa. Bunge halikukubali. Akafa tarehe 17 Aprili mwaka uleule, akiwa na miaka 84. Utumwa ulikomeshwa katika nchi ile mwaka 1865.