Dinah Washington na Nyimbo za Wenyewe

Katika somo la fasihi simulizi hatukosi kukumbana na swali la umiliki. Hadithi iliyotambwa na watambaji mia moja ni ya nani? Wimbo uliopokezanwa vizazi na vizazi ni mali ya aliyeutunga, ambaye aghalabu jina lake limekwisha kusahaulika, au ni mali ya fanani anayeuimba sasa hivi mbele ya hadhira? Tumezoea kujibiwa kwamba kila utendaji ni utungo mpya. Jibu hilo ni zuri, ila huwa jepesi pale ambapo hakuna fedha ya kugawana. Makala haya yanalitazama swali lilo hilo mahali ambapo fedha ilikuwapo, tena nyingi, ambapo sheria ilikuwa imeandikwa, na ambapo rangi ya ngozi iliamua ni nani atakayesikika: biashara ya santuri nchini Marekani katika miaka ya 1940 na 1950. Tutakayemfuata ni Dinah Washington, mwimbaji wa jazi na bluzi aliyefariki mwaka 1963, ambaye sehemu kubwa ya sifa zake ilisimama juu ya nyimbo zilizotungwa na wengine na, mara nyingi, zilizokwisha kuimbwa na wengine.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1924 mjini Tuscaloosa, katika jimbo la Alabama, akaitwa Ruth Lee Jones. Angali mdogo, familia yake ilihamia Chicago, kama zilivyofanya familia nyingi za Wamarekani Weusi zilizokuwa zikiikimbia dhiki na ubaguzi wa kusini. Mama yake alikuwa mpiga piano kanisani, na binti akajifunza ala hiyo na uimbaji papo hapo. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alishinda shindano la waimbaji chipukizi katika ukumbi wa Regal, lakini hakuingia moja kwa moja katika muziki wa kidunia. Kwanza alizunguka na kundi la nyimbo za injili la Sallie Martin, mmoja wa waasisi wa muziki huo.

Malezi haya ya kanisani yana uzito kuliko inavyodhaniwa. Msikilizaji anayemsikia Dinah kwa mara ya kwanza hupigwa na jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni matamshi yake. Kila konsonanti inasikika. Neno halimezwi wala haliburutwi ili kuficha upungufu wa pumzi. Linakatwa mwishoni kama uzi unavyokatwa kwa wembe. Sisi tunaojishughulisha na lugha tunapaswa kulithamini jambo hili hata kama hatujui noti moja ya muziki. Mwimbaji wa injili alikuwa na ujumbe, na ujumbe usiposikika basi kazi imepotea. Dinah aliuchukua wajibu huo wa mhubiri akaupeleka kwenye vilabu vya usiku, mahali ambapo watu walikuwa wakila, wakinywa na kuzungumza, akawalazimisha wasikilize maneno.

Ni katika klabu moja ya Chicago ambapo Lionel Hampton, kiongozi mashuhuri wa bendi, alimsikia akamwajiri. Ruth Jones akawa Dinah Washington, na kuhusu ni nani hasa aliyembatiza jina hilo kuna madai ya watu zaidi ya mmoja, jambo ambalo si geni katika maisha ya wasanii. Mwezi Desemba 1943 aliingia studio kwa mara ya kwanza chini ya uangalizi wa Leonard Feather, mwandishi na mhakiki wa jazi mzaliwa wa London. Nyimbo zilikuwa bluzi zilizotungwa na Feather mwenyewe. Tafakari hali hiyo: mwanamume Mzungu kutoka Uingereza anaandika maneno ya mwanamke Mweusi mwenye hasira na mapenzi, na msichana wa miaka 19 anayapokea na kuyaimba kana kwamba yametoka kifuani mwake. Tangu mwanzo, basi, kazi yake ilikuwa kuyamiliki maneno ya watu wengine.

Mwaka 1946 alijiunga na kampuni changa ya Mercury ya huko huko Chicago, akakaa nayo hadi mwaka 1961. Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu, na inafaa tueleze jinsi biashara ilivyoendeshwa. Soko la santuri liligawanywa kwa rangi. Jarida la Billboard lilichapisha orodha za mauzo zilizotengana: moja ya muziki uliopendwa na umma kwa jumla, maana yake Wazungu hasa, nyingine ya muziki wa mashambani wa Wazungu wa kusini, na nyingine ya wanunuzi Weusi, ambayo hadi mwaka 1949 iliitwa orodha ya santuri za mbari. Wimbo ukivuma katika soko moja, kampuni zilikimbilia kumpa mwimbaji wa soko jingine aurudie. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1909 iliruhusu jambo hilo. Wimbo ukishatolewa kwenye santuri mara ya kwanza, yeyote aliweza kuurekodi upya mradi amlipe mwenye hakimiliki ya utungo senti 2 kwa kila nakala. Mwimbaji wa kwanza hakuwa na haki yoyote juu ya namna alivyouimba. Mpangilio wa ala, mikato, mapumziko, vicheko na vilio alivyoubunia wimbo, vyote vilikuwa bure kwa atakayevitaka.

Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 1955. LaVern Baker, mwimbaji Mweusi, alitoa wimbo Tweedle Dee. Mercury, kampuni ile ile ya Dinah, ikampa Georgia Gibbs, mwimbaji Mzungu, aurudie kwa kuufuata mpangilio wa Baker hatua kwa hatua, na santuri ya Gibbs ikapanda juu zaidi katika orodha ya umma. Baker alimwandikia Charles Diggs, mbunge Mweusi kutoka Michigan, akiomba sheria irekebishwe. Haikurekebishwa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1972 kwa rekodi za sauti zenyewe kupata ulinzi wa sheria ya shirikisho.

Dinah alikuwa ndani ya mashine iyo hiyo, ila upande wa pili. Mercury ilimpa nyimbo zilizovuma kwa Wazungu aziimbie hadhira ya Weusi. Mwaka 1951, kwa mfano, aliurudia wimbo Cold, Cold Heart wa Hank Williams, nyota wa muziki wa mashambani, ambao Tony Bennett alikuwa ameupeleka kileleni mwa orodha ya umma mwaka uo huo. Wa Dinah ukafika nafasi ya 3 katika orodha ya wanunuzi Weusi. Williams na Dinah walikuwa wazaliwa wa Alabama, wakipishana umri kwa mwaka mmoja tu, mmoja Septemba 1923 na mwingine Agosti 1924; lakini katika jimbo hilo wasingeweza kuketi katika behewa moja la gari la moshi. Wimbo ulivuka mpaka ambao watu hawakuruhusiwa kuuvuka.

Je, kuna tofauti gani kati ya Gibbs na Dinah? Mbele ya sheria hapakuwa na yoyote. Kila mmoja alirudia, na kila kampuni ililipa senti zake. Lakini sikio halihukumu kwa kifungu cha sheria. Santuri ya Gibbs ilitaka kufanana na ile ya mwanzo, kwani kufanana ndiko kulikouzwa. Dinah hakuwahi kutaka kufanana na mtu. Wimbo wa Williams una mdundo wa mashambani na sauti ya mtu anayejililia. Kwa Dinah unageuka kuwa malalamiko ya mwanamke aliyechoka, asiyeomba huruma. Alichelewesha neno pale msikilizaji alipolitarajia, akalitanguliza pale lisipotarajiwa, na mara nyingi akamaliza kazi studioni kwa kurekodi mara moja au mbili tu. Hata jina la utani aliloshikilia kwa wivu mkubwa, Malkia wa Bluzi, halikutokana na nyimbo alizotunga bali na jinsi alivyotawala za wengine.

Kazi inayolidhihirisha hili kuliko zote ni ile aliyorekodi mwishoni mwa 1957 na mwanzoni mwa 1958: albamu nzima ya nyimbo zinazohusishwa na Bessie Smith, ambayo baadaye ilirudishwa sokoni kwa jina The Bessie Smith Songbook. Bessie alikuwa malkia wa bluzi wa miaka ya 1920, aliyefariki mwaka 1937 baada ya ajali ya gari karibu na Clarksdale, Mississippi, Dinah akiwa na miaka 13. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la kumbukumbu hadi mwaka 1970. Kwa hiyo, Dinah alipoingia studio kumwimbia, mwimbaji aliyewahi kuuza santuri nyingi kupita wenzake alikuwa amelala Pennsylvania mahali pasipo na jina.

Bluzi, kwa wasiofahamu muundo wake, ina ubeti ambao mwanafunzi wa ushairi atautambua mara moja. Kwa kawaida ubeti una mishororo mitatu. Wa pili hurudia wa kwanza, na wa tatu huleta jibu. Urudiaji huo ndio uwanja wa fanani. Maneno ni yale yale, hivyo kinachobadilika ni sauti, na mwimbaji dhaifu hufichuka papo hapo. Katika Back Water Blues, aliourekodi Bessie mwaka 1927 kuhusu mafuriko, Bessie anaimba kama shahidi aliyesimama majini, akiwa na piano ya James P. Johnson peke yake. Dinah anauimba akiwa na bendi kamili, na mshororo unaporudi haurudi kwa majonzi bali kwa ukali, kama mtu anayemtaka mtu mwingine awajibike. Aliuimba tena mwaka 1958 katika tamasha la Newport, ambako pia alishika vijiti vya vibrafoni akapiga pamoja na Terry Gibbs mbele ya umati, akionekana kufurahi kupita watazamaji.

Si kila kitu katika albamu hiyo kimefaulu. Bendi, iliyoongozwa na Eddie Chamblee, mumewe wa wakati huo, inajitahidi mno kuiga bendi za zamani, na trombone zake hufanya mzaha mahali ambapo maneno hayana mzaha. Wahakiki wamelilalamikia hilo, nami naona wana haki. Lakini sauti ya mwimbaji haiingii katika mchezo huo. Ikumbukwe pia kwamba Bessie mwenyewe alikuwa mwazimaji. Santuri yake ya kwanza, ya mwaka 1923, ilikuwa wimbo ambao Alberta Hunter, mmoja wa watunzi wake, alikuwa ameurekodi mwaka uliotangulia. Tukimtafuta mwenye wimbo kwa kurudi nyuma, hatuoni mlango wa kutokea.

Mwaka 1959 Dinah alipata kile ambacho soko lilikuwa limemnyima kwa zaidi ya miaka kumi: wimbo uliofika nafasi ya 8 katika orodha ya umma na kumpatia tuzo ya Grammy. Huu nao ulikuwa wa kuazima, tena mara mbili. María Grever wa Mexico aliutunga kwa Kihispania, na kichwa chake kinamaanisha nitakaporudi kando yako. Mwaka 1934 Stanley Adams aliuandikia maneno ya Kiingereza ambayo si tafsiri hata kidogo, yanayozungumzia tofauti iliyoletwa na siku moja. Kwenye santuri ya Dinah kitenzi cha kichwa hicho kikabadilika kutoka wakati uliopita hadi wakati uliopo: siku inaleta. Badiliko la herufi chache, lakini furaha iliyokuwa kumbukumbu ikawa jambo linaloendelea. Wapenzi wa jazi walimlaumu kwa vinanda vya nyuzi vilivyotanda nyuma yake, wakasema amejiuza. Lawama hiyo ina ukweli kuhusu mpangilio wa ala, na haina ukweli kuhusu sauti. Aliyeimba bluzi za Feather mwaka 1943 ndiye yule yule, na kila konsonanti ingali inasikika.

Kuhusu maisha yake ya nyumbani mengi yamesemwa, hasa ndoa zake, ambazo aghalabu huhesabiwa kuwa saba, hatutayarefusha. Ya mwisho ilikuwa mwaka 1963 na Dick Lane, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani katika timu ya Detroit Lions. Tarehe 14 Desemba mwaka huo alikutwa amefariki nyumbani kwao Detroit. Uchunguzi ulionyesha mchanganyiko wa dawa za usingizi uliozidi kiwango, na kifo kikahesabiwa kuwa cha bahati mbaya. Alikuwa na umri wa miaka 39. Alizikwa katika makaburi ya Burr Oak, nje ya Chicago, alikozikwa pia Emmett Till, kijana aliyeuawa na wabaguzi huko Mississippi mwaka 1955.

Miezi miwili baadaye, Februari 1964, mwimbaji wa Detroit ambaye hakuwa ametimiza miaka 22 alitoa albamu ya kumkumbuka. Alikuwa Aretha Franklin, binti wa mchungaji ambaye Dinah alifahamiana na nyumba yake. Albamu hiyo ilipewa jina la wimbo Unforgettable, ambao Dinah aliuimba mwaka 1959, na ambao mwaka 1951 ulikuwa wa Nat King Cole, na ambao ulitungwa na Irving Gordon. Aretha hakumwiga Dinah katika mshororo hata mmoja.