Mtakatifu Louis Martin, Baba Aliyepotewa na Kumbukumbu

Louis Martin alizaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1823. Alikuwa fundi saa na baba wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Mkewe Zélie alipofariki mwaka 1877, alihamia Lisieux pamoja na binti zake watano.

Uzeeni akili yake ilififia. Juni 1888 alitoweka nyumbani, akapatikana Le Havre baada ya siku kadhaa. Februari 1889 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, akakaa miaka mitatu. Wapo walionong'ona kwamba ameuguzwa na huzuni ya binti zake kuingia utawani. Céline na Léonie hawakuona haya; waliendelea kumtembelea. Mwaka 1892 alirudishwa nyumbani, naye Céline akamuuguza hadi alipofariki tarehe 29 Julai 1894. Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza yeye na Zélie kuwa watakatifu mwaka 2015.

Nasi hapa Kilakala tunao wazee waliosahau hata majina ya watoto wao. Tusiwafungie ndani, wala tusiseme wamerogwa. Jumuiya zetu zipange zamu: tuwabishie hodi, tuwaamkie shikamoo, tusali nao rozari, hata wasipotutambua.

Mtakatifu Louis Martin, utuombee.