Mekatilili wa Menza na Watu Wake

Hapa kwetu Bongwe mama akishazaa jina lake huanza kupotea. Huwa Mama Fulani mpaka anazikwa. Mnyazi wa Menza, binti wa Kigiriama aliyezaliwa karne ya 19, alikuwa vivyo hivyo. Alipomzaa Katilili akawa Mekatilili, na ndilo jina tunalomjua nalo.

Serikali ya Waingereza ilimtazama Mgiriama kama mtu mmoja mmoja: huyu ana kibanda, alipe kodi, huyu ana nguvu, aende kwenye mashamba ya wazungu, mshahara uwe wake. Mekatilili, mjane mtu mzima, aliona hapo nyumba nzima inavunjwa. Kijana akiondoka, nani atalima kwa mamake? Basi mwaka 1913 alizunguka akicheza kifudu, ngoma ya maziko, watu wakamfuata hadi Kaya Fungo. Huko wakala kiapo, wanawake mukushekushe na wanaume fisi, kwamba hawatashirikiana na serikali. Nakiri hapa nilisita kidogo. Na yule aliyeutaka ule mshahara, je? Kiapo hakikumwuliza.

Oktoba akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu, kutoka magharibi mwa nchi mpaka pwani! Darasani tulifunzwa habari za Socrates, ambaye mwaka 399 K.K. alikataa kutoroka jela ya Athens kwa kuwa sheria za mji ndizo zilizomlea. Nilidhani hawa wawili hawalingani kabisa. Kumbe wote waliwafikiria watu wao, ila jela ya Athens ilikuwa ya Waathens wenyewe, na ile ya Kisii haikuwa ya Wagiriama.

Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Halafu hao hao waliotaka kila mtu ajitegemee wakawatoza Wagiriama wote kwa jumla faini ya rupia laki moja. Ajabu hiyo! Mekatilili alikamatwa tena, akarudi 1919, akafariki 1924.

Wenzangu waniuliza kwa nini nimemwandika Mgiriama ilhali mimi Mdigo. Sote ni Wamijikenda jamani, na Kaya Kinondo iliyo jirani yetu iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na Kaya Fungo. Tena nyumbani baba na ndugu zake wangali wabishana kama shamba la babu ligawanywe, kila mtu apate hati yake, au libaki la wote. Juzi niliulizwa naonaje. Bado sijawajibu.