Muzee Socrate hakukimbia buloko

Leo tunawaletea maisha ya mutu wa zamani sana: Socrate wa Athènes, katika inchi ya Ugiriki. Alizaliwa karibu mwaka wa 469 mbele ya Yezu. Baba yake alichonga majiwe, mama yake alizalisha wanawake. Bibi yake Xanthippe alimuzalia watoto watatu, wote wanaume.

Athènes ilikuwa na mali. Kule Laurion watumwa walichimba madini ya feza chini ya udongo. Lakini Socrate hakufuata feza. Alitembea bila viatu, akikaa sokoni na kuuliza watu haki ni nini, na kuheshimu Mungu ni nini. Hakulipisha mutu, hakuandika kitabu. Habari zake tunazipata zaidi kwa wanafunzi wake Platon na Xénophon.

Platon anaeleza namna Socrate alikutana na Euthyphron, aliyekuja kushitaki baba yake mwenyewe. Mufanyakazi wao mumoja alilewa, akaua mutumwa. Baba akamufunga mikono na miguu, akamutupa shimoni, kisha akatuma mujumbe kuuliza wakubwa wa dini afanye nini. Mbele mujumbe arudi, mufanyakazi akafa kwa njaa na baridi. Jamaa wakakasirika: namna gani mutoto anashitaki baba juu ya muuaji? Euthyphron alisema ndivyo miungu inavyotaka. Socrate akamuuliza kama jambo ni takatifu juu miungu inalipenda, ao miungu inalipenda juu ni takatifu. Euthyphron alizunguka-zunguka, mwishoni akasema ana haraka, akaenda zake.

Tusifikiri Socrate alikuwa mutu wa maneno tu. Mwaka wa 406 watu walitaka kuhukumu majemadari wa vita wote pamoja kwa kura moja, kinyume cha sheria. Yeye alikuwa mu baraza, akakataa, hata watu walipomupigia makelele. Kisha, wakati wa utawala mukali wa watu 30, walimutuma na wengine wane wakamulete Léon wa Salamine, apate kuuawa. Wale wane walikwenda. Socrate alirudi kwake nyumbani.

Mwaka wa 399 njo zamu yake ikafika. Walimushitaki eti haheshimu miungu ya muji, eti anaharibu vijana. Wazuzi walikuwa raia karibu 500, wakamukatia hukumu ya kufa. Rafiki yake Criton, mutu wa mali, alimufikia mu buloko kabla ya jua kutoka, akamuambia feza ya kumutoa iko tayari. Socrate alikataa. Aliona kwamba miaka 70 aliishi kwa sheria za Athènes. Haifai kuzivunja leo juu tu hukumu imemuangukia vibaya. Akakunywa sumu, akafa.

Wengine watasema angefikiri watoto, mudogo alikuwa akibebwa bado. Neno lile tunalielewa: nani kati yetu angekataa mulango uliofunguliwa? Lakini tuangalie vizuri. Walipomutuma kutendea mwingine mabaya, hakutii. Mabaya yalipomuangukia yeye mwenyewe, hakuyalipa kwa mabaya. Kutii kwa namna ile si woga, na kukataa kwa namna ile si kiburi.