Paul Robeson na Picha Iliyomgeuka

Mwaka 1934, katika studio za Shepperton karibu na London, kulijengwa kijiji cha Kiafrika kwa ajili ya picha ya sinema. Watu weusi waliokuwa wakikaa Uingereza walikodiwa wawe wanakijiji. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1963 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Kenya. Ama nyota mweusi wa picha hiyo, alikuwa ni Paul Robeson, Mmarekani mwenye kifua kipana na sauti nzito.

Robeson alizaliwa Princeton, katika jimbo la New Jersey, mwaka 1898. Babake alikuwa mtumwa aliyetoroka akiwa na miaka 15, akaja kuwa mhubiri. Kijana alipoingia chuo cha Rutgers mwaka 1915, wazungu wa timu ya mpira walimvunja pua siku ya kwanza ya mazoezi. Hakuondoka, akawa mchezaji bora wa kutajwa nchi nzima. Alisomea sheria Columbia, akahitimu mwaka 1923, lakini karani mmoja mzungu alipokataa kuandika maneno anayosomewa na mtu mweusi, Robeson aliiacha kazi hiyo akashika uigizaji na uimbaji.

Huko London alijiunga na chuo cha lugha, akajifunza lugha za Kiafrika, na Kiswahili chetu kikiwa miongoni mwazo. Basi mtu kama huyo alipoambiwa kuwa itapigwa picha itakayoonyesha mila na ngoma za Waafrika kwa heshima, alikubali kwa moyo mkunjufu. Picha ilipotoka mwaka 1935, kwa jina la Sanders of the River, mambo yalikuwa mengine. Sanders ni bwana shauri wa Kiingereza. Akienda likizo, nchi yote yachafuka. Akirudi, amani yarudi. Robeson ni Bosambo, chifu mcheshi, hodari, mwenye kumwimbia bwana wake sifa. Waafrika waliokuwa London walimlaumu sana, naye mwenyewe alisema kuwa amehadaiwa, picha imekatwa na kuunganishwa vingine.

Hapa msomaji atauliza: chuki iko wapi, na hali Bosambo anapendwa na kila mtu? Mwanachuoni Herbert Blumer wa Marekani analo jibu. Mwaka 1933 alitoa kitabu kuhusu sinema, baada ya kuwataka vijana waandike yale waliyoyachukua humo. Kisha mwaka 1958 akaeleza kuwa ubaguzi wa rangi si chuki iliyomo moyoni mwa mtu mmoja mmoja tu, bali ni hisia ya kundi zima kuhusu mahali pake na mahali pa wengine. Mtu mweusi aweza kupendwa, kusifiwa, hata kupewa zawadi, maadamu yu chini. Balaa huanza anapopanda ngazi. Ukiitazama picha ya Sanders kwa jicho hilo, utaona kwamba kule kumpenda Bosambo ndiko kubagua kwenyewe. Mtumishi mwema, chifu mtiifu: hayo ndiyo mahali pake.

Robeson alijaribu tena Hollywood mwaka 1942, katika Tales of Manhattan, ambamo wakulima weusi maskini wanaangukiwa na fedha kutoka angani wakadhani ni muujiza. Alighadhibika, akailaani picha hiyo hadharani, na hakuigiza tena huko.

Jukwaani ilikuwa kinyume. Mwaka 1943 alimwigiza Othello mjini New York, jemadari Mmaghribi anayewaamrisha wazungu wa Venice na kumwoa binti yao. Sisi wa pwani Wamaghribi hatuwaoni wageni. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Lakini kwa Wamarekani wa siku zile ilikuwa ajabu, na mchezo ulionyeshwa mara 296.

Serikali yake ilimnyang'anya pasipoti mwaka 1950 kwa sababu ya siasa zake, kwani aliisifu Urusi na kuupinga ukoloni waziwazi. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimba makaa wa Wales kwa njia ya simu, yeye akiwa New York. Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.