Sam Ntiro: Mchoraji aliyeifikisha Machame New York

UKITAJA uchoraji hapa nchini, wengi hulikimbilia jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki dunia mwaka 1972 akiacha mtindo unaotambulika duniani kote. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miaka mingi kabla ya Tingatinga kushika brashi, kulikuwa na Mtanzania mwingine ambaye picha yake ilikwisha kununuliwa na jumba la makumbusho la New York. Jina lake ni Sam Joseph Ntiro.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 Machame, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Alikulia katikati ya vihamba vya migomba na mifereji ya maji, na kati ya watu waliolima, kujenga na kusherehekea kwa pamoja. Mambo hayo ndiyo aliyoyachora maisha yake yote.

Katika miaka ya 1940 alijiunga na Chuo cha Makerere, Uganda, ambako mwalimu wake alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa chuoni hapo. Mama huyo hakuwalazimisha wanafunzi wake kuiga wachoraji wa Ulaya. Aliwasimulia visa, kisha akawaachia wachore kile walichokiona mawazoni. Kwa Ntiro, kilichokuja mawazoni kilikuwa kijiji chake. Baada ya masomo alibaki hapo hapo Makerere kama mwalimu.

Mwaka 1952 alikwenda London kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, moja ya shule maarufu za Uingereza. Mtu angetarajia kwamba mji ule mkubwa ungembadilisha, lakini haikuwa hivyo. Akiwa mbali na nyumbani aliendelea kuchora kwa kumbukumbu: wanaume wakifyeka, wanawake wakivuna, ng'ombe wakipelekwa majini. Mwaka 1953, akiwa bado masomoni, kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Kile alichokihifadhi kwa rangi alikihifadhi pia kwa maneno.

Wapo wahakiki walioziona picha zake kuwa za kitoto. Watu wake ni wadogo, nyuso zao hazitofautishwi sana, na kanuni za vivuli na umbali alizofundishwa London hakuzifuata. Lakini katika picha hizo hakuna bwana mkubwa anayesimama mbele ya wengine. Mhusika mkuu ni kundi zima linalofanya kazi, na kijiji chenyewe.

Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, na kuwa miongoni mwa kazi za mwanzo za wasanii wa Afrika wa zama hizi kuingia humo. Desturi ya ndoa ya Wachagga ikawekwa chini ya dari moja na kazi za akina Picasso.

Mandhari hayo si ya Machame pekee. Aliyekulia Kasulu au Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, naye anaifahamu migomba inayozunguka nyumba na majirani wanaoitana kwenda kulima shamba la mwenzao. Ntiro alichora ukoo wake, lakini wakulima wengi wa nchi hii wanaweza kujiona humo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mchoraji huyo aliteuliwa kuwa Balozi wa Tanganyika mjini London, wadhifa aliokuwa nao hadi 1964. Mkewe, Sarah Nyendwoha Ntiro wa Uganda, naye aliandika historia yake kwa kuhitimu Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1954, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada.

Aliporejea nyumbani, Ntiro alikuwa Kamishna wa Utamaduni, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na nchi nzima ikahimizwa kufanya kazi kwa ujamaa, yeye alikuwa amekwisha kuichora kazi ya pamoja kwa zaidi ya miaka kumi. Hakuifuata siasa, alikuwa ameyaona hayo utotoni.

Ntiro alifariki dunia mwaka 1993. Vijana wengi wa vihamba vya Kilimanjaro wamehamia mijini, na pombe ya harusi siku hizi hufika kwa gari. Picha yake ya mwaka 1956 imo New York. Mjukuu wa wale waliobeba pombe usiku akitaka kuiona ilhali amesimama mbele yake, itambidi asafiri hadi Marekani.